Je, The Crossover inahusu mpira wa kikapu au baba anayeficha ugonjwa?

Mwalimu wa Fasihi:
Ndugu wasomaji, ninaongoza kikundi cha wanafunzi wa kidato cha pili wanaosoma The Crossover ya Kwame Alexander, riwaya ya kishairi ya mwaka 2014 iliyotunukiwa Nishani ya Newbery, tuzo ya Marekani ya vitabu vya watoto, mwaka uliofuata. Karibu wote wanashikilia kwamba dhamira kuu ni ugomvi wa pacha wawili, Josh na Jordan, wachezaji wa mpira wa kikapu, unaozuka Jordan anapopata mpenzi. Josh ndiye msimulizi. Mimi naona baba yao, Chuck, mchezaji mstaafu wa kulipwa, ana uzito kuliko wanavyomchukulia, ila kila nikitafuta ushahidi naangukia uwanjani. Je, ninawalazimishia usomaji wangu?

Mpenda Kamusi:
Hulazimishi, Mwalimu. Yarudie yale mashairi ambamo Josh anafafanua maneno kwa mtindo wa kamusi. Mwanzoni kuna mbwembwe za mchezo. Baadaye linakuja jina la ugonjwa wa kano ya goti, kisha shinikizo la damu, na mwishowe mshtuko wa moyo. Wazazi hawamwambii kitu, lakini mtoto huyu anayependa maneno anajifunza msamiati wa kifo cha baba yake hatua kwa hatua, bila kujua anakoelekea. Chuck naye haendi kwa daktari, kwa kuwa baba yake mwenyewe alifia hospitalini, na mkewe anamsihi bila mafanikio. Mwili ulioshangiliwa na maelfu ndio huohuo usiopimwa presha.

Binti wa Benchi:
Nakubali kuhusu baba, lakini wanafunzi wako wasipuuzwe. Josh anapomrushia nduguye pasi kali hadi damu inamtoka puani, anasimamishwa kwenye timu, na Jordan anaacha kabisa kusema naye. Ukimya huo ni wa nyumba nzima: baba hasemi kifua kinavyombana, na mwana hasemi kwamba ana wivu na upweke. Ndiyo maana ninaithamini sana ile sehemu ya mwisho, ambapo Josh, baba akiwa amekwisha kuzikwa, anatupa mitupo huru mfululizo, na kabla hesabu haijafika 50, idadi aliyowahi kufikisha baba, anampa Jordan mpira. Ukizitenganisha dhamira hizi mbili, tukio hilo halina maana.

Mtunzi wa Zamani:
Naongeza jambo moja la umbo. Riwaya yote ni mashairi, nayo imegawanywa kama mchezo wenyewe: kupasha misuli, robo nne, na muda wa nyongeza. Chuck anafariki kabla ya muda wa nyongeza, hivyo kipindi ambacho kwa kawaida hutolewa ili mshindi apatikane, hapa kimeachiwa maombolezo. Uwanja, basi, ndio umelibeba simulizi la baba tangu mwanzo. (Wanafunzi waliozoea utenzi watalalamika kwamba hakuna vina wala mizani, wasomeshe kwa sauti, watausikia mpira ukidunda.)

Mwalimu wa Fasihi:
Nawashukuru nyote. Jumatatu nitawaagiza wakusanye maneno yote ambayo Josh anayafafanua na kuyapanga kwa mfuatano wa kurasa, nami nitanyamaza nione kama watamfikia Chuck wenyewe.