Vipindi vya ziada: nitajuaje kama mtoto anasogea?

mwl_wa_nne
Habari zenu walimu na wazazi. Nina watoto kadhaa darasa la nne kusoma bado kabisa, nimewawekea kipindi cha ziada, wanakuja na bidii wanayo, ila sijui kama wanasogea au tunazunguka palepale. Nikisubiri mtihani wa mwisho wa muhula muda ushapotea. Nyie mnapimaje katikati? Na mtoto asiposogea mnafanyaje, maana muda nimeshaongeza.

chaki_na_dasta
Hongera mwalimu kwa kuwabeba hao watoto. Pima kila wiki, dakika moja tu inatosha. Tafuta kifungu ambacho hajawahi kukisoma, ugumu uwe uleule kila wiki (ukipandisha katikati hutajua kilichobadilika ni mtoto au kifungu), yeye anasoma kwa sauti wewe kwenye nakala yako unakata kila neno alilokosea, dakika ikiisha unahesabu aliyosoma sawa unaweka kwenye grafu. Stanley Deno na wenzake Chuo Kikuu cha Minnesota walianza kazi hii miaka ya 1970 na mpaka leo inatumika. Halafu chora mstari kutoka alipo leo mpaka unapotaka afike, alama nne mfululizo zikiwa chini ya mstari badilisha unavyofundisha, usiongeze muda wa kilekile. Wiki moja mbaya isikutishe. Na viwango vya Kiingereza vya maneno kwa dakika usivikope jamani, maneno yetu ni marefu, utamwona mtoto mzito bure.

mama_silabi
Naongezea hapo, ile karatasi yenye makosa usiitupe. Kuna mtoto nilikuwa namsikiliza, akiona "kalamu" anasema kalenda, akiona "nyanya" anasema nyama, yaani anashika mwanzo wa neno halafu anabahatisha. Huyo ukimpa vifungu zaidi unampa mazoezi ya kubahatisha. Tulirudi kwenye silabi, anafunika neno kwa kidole anafungua kidogo kidogo. Mwenzake alikuwa anapatia kila neno ila taratibu mno, yeye alihitaji kurudia kifungu kimoja mpaka kiteleze. Ukiwaweka kundi moja mmoja lazima apoteze muda. Shirika la elimu la Pratham kule India wanapanga watoto kwa wanachoweza, herufi, maneno, aya, hadithi, si kwa darasa wala umri, na kundi linabadilika mtoto akipanda.

mwl_wa_nne
Asanteni mno, mimi nilikuwa nawafundisha wote pamoja. Na hesabu je?

chaki_na_dasta
Ni hivyohivyo, karatasi fupi yenye maswali mchanganyiko kwa dakika chache, ila hesabu tarakimu zilizo sahihi, usihesabu majibu tu. Aliyeandika 75 kwenye 47 + 38 mamoja yake yako sawa, kilichomshinda ni kubeba ile 1, ukimpa sifuri grafu haitakuonyesha na kesho utamfundisha kujumlisha upya wakati anajua.