Baba ana mgombea wake, mama ana wake, na binti anapiga kura kwa mara ya kwanza

Swali

Ndugu zangu, nawasalimu na kuwaomba ushauri katika jambo linaloninyima usingizi kwa wiki ya tatu sasa. Mimi ni mama wa watoto watatu, na katika uchaguzi huu nimekubali kwa mara ya kwanza kuwa wakala wa mgombea katika kituo cha kupigia kura. Mume wangu anaunga mkono chama kingine, jambo ambalo halikuwahi kutugombanisha katika miaka 20 ya ndoa yetu, kwa kuwa kila mmoja alikuwa akipiga kura yake na kurejea nyumbani.

Safari hii mambo yamekuwa mengine. Jioni zangu zote zinaishia kwenye mafunzo na mikutano ya kampeni, naye mume wangu hukesha akijibizana na ndugu katika kundi la ukoo kwenye simu, ambako shemeji zangu wawili wamefikia hatua ya kutosemezana. Binti yetu wa kwanza ametimiza miaka 18. Juzi, tukiwa mezani, baba yake alianza kumweleza kwa nini amchague mgombea fulani, nami nikadakia kumtetea wangu, tukawa tunamvuta huku na huku mpaka akaacha chakula na kwenda chumbani bila kutamka neno. Mdogo wake wa miaka 9 akauliza kama baba na mama sasa ni maadui.

Liko na jambo jingine ambalo sijamwambia mtu. Nilijiunga na kampeni hii kwa sababu ya yale niliyoyasoma kuhusu elimu katika ilani ya chama, lakini leo nikiulizwa swali najikuta nakariri maneno ya mafunzoni, na sijapata hata saa moja ya kukaa peke yangu nijiulize kama ninachokitetea kutwa bado ninakiamini. Mliopitia haya mliwezaje kuilea familia, kushiriki siasa kwa dhati, na bado mkabaki na nafasi ya kufikiri?

Jibu la kwanza

Pole sana, dada yangu. Nimewahi kuwa karani wa uchaguzi, na nitaanzia pale nilipokuwa nimesimama, yaani karibu na kituturi, kile kibanda cha kupigia kura kwa siri. Zaidi ya mara moja nilimwona mzazi akitaka kuingia pamoja na kijana wake aliyekuwa mzima wa macho na mikono, na kila mara tulilazimika kumzuia. Wengine walikasirika, wakisema, "Huyu ni mwanangu." Ni kweli ni mwanao, lakini pale ndani ni mpiga kura.

Tumeizoea kura ya siri hata tumesahau kwamba ilipiganiwa. Huko Uingereza, kabla ya sheria ya mwaka 1872, mpiga kura alitamka jina la mgombea wake hadharani, mbele ya mwenye shamba au mwajiri aliyeweza kumfukuza kesho yake. Makoloni ya Victoria na South Australia, katika Australia ya leo, yalikuwa yametangulia kupitisha sheria za kura ya siri mwaka 1856. Leo Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948 linaitaja kura hiyo katika ibara ya 21. Ninayasema haya kwa sababu siri hiyo haikuwekwa kwa ajili ya kumkinga mtu na serikali na matajiri peke yao. Inamkinga pia na watu wanaompenda. Binti yako ana haki ya kutokuulizwa na yeyote, wewe na baba yake mkiwamo. Mwambieni hivyo kwa vinywa vyenu wawili, mkiwa mmekaa pamoja, asije akadhani ni upande mmoja umeshindwa ukanyamaza.

Na kuhusu uwakala, usijibebeshe mzigo usio wako. Ukiwa kituoni kazi yako ni kushuhudia: kwamba sanduku lilikuwa tupu asubuhi, kwamba kura zimehesabiwa mbele ya macho yako, na kwamba takwimu za kwenye fomu ndizo zilizotangazwa. Hakuna atakayekutaka umshawishi mtu, na ukijaribu utatolewa nje. Wakala mzuri hulinda hesabu iliyo sahihi hata inapompa ushindi mpinzani. Mweleze mumeo hivyo. Huenda akaiona kazi yako kwa jicho jingine.

Jibu la pili

Mwanangu, mimi ni mtu mzima na nimeona chaguzi nyingi. Nakubaliana na karani kuhusu siri ya kura, ila naomba siri hiyo isigeuzwe kuwa kimya cha nyumba nzima. Nyumba ambayo siasa haitajwi huwapeleka watoto kujifunza siasa kwa wapiga kelele. Mimi na marehemu mke wangu tulitofautiana kwa miaka mingi, na watoto wetu walitusikia tukibishana, walichokisikia pia ni baba yao akisema, "Hapo mama yenu amenishinda kwa hoja." Jiulizeni ni lini mara ya mwisho mmoja wenu alilisema hilo mbele ya watoto.

Kosa la pale mezani, kwa maoni yangu, ni kwamba mlimpa binti majibu mawili kabla hajauliza swali. Mpeni ilani zote mbili azisome, kisha yeye ndiye awaulize. Mtakapokosa jibu, kirini mbele yake. Huyo wa miaka 9 asicheleweshewe jibu hata siku moja: mwambieni kwamba baba na mama wanataka watu tofauti waongoze, na kwamba wote wawili watakuwa hapa nyumbani matokeo yakishatangazwa. Mtoto wa umri huo hababaishwi na vyama, anachoogopa ni nyumba kuvunjika.

Jibu la tatu

Nataka kuligusa lile ulilosema hujamwambia mtu, maana waliotangulia wamelipita. Nchini Hispania siku inayotangulia uchaguzi kampeni hazikubaliki kisheria, na siku hiyo huitwa siku ya kutafakari. Napenda jina hilo, kwa sababu linakiri kwamba kufikiri nako ni sehemu ya kupiga kura. Wewe, hata hivyo, usingoje siku ya mwisho, kwani mkesha huo wakala huwa na shughuli nyingi kuliko mtu yeyote. Chukua jioni moja ya wiki hii, uwaage wenzako wa kampeni bila kutoa sababu ndefu, zima simu, na uandike kwa mkono kile kilichokufanya ujiunge, kabla hujaifungua tena ilani. Kisha isome, ulinganishe. Ukikuta bado unaamini, utazungumza kwa maneno yako mwenyewe na si ya mafunzoni. Ukikuta huamini tena, unaweza kuimaliza kazi ya kushuhudia kwa uaminifu, na kura yako ukampa umtakaye, hakuna atakayejua.

Muulizaji

Nawashukuru kwa moyo wangu wote. Jana usiku nilimsomea mume wangu majibu haya, akayasikiliza mpaka mwisho, kisha akaaga katika kundi la ukoo kwamba hataandika humo tena hadi matokeo yatoke. Leo asubuhi tulimwita binti yetu tukamwambia pamoja kwamba hatutamuuliza, si kabla wala baada. Akatutazama kwa zamu, akauliza, "Hata nikitaka kuwaambia?" Baba yake akamjibu kwamba akitaka atatukuta tunamsikiliza. Alipoondoka alizichukua ilani zote mbili. Mimi jioni yangu nimeichagua: ni Alhamisi.