Jazz Advance ya Cecil Taylor: mbona mapigo bado yapo?

mpenda_kinanda: Wakuu, albamu hii ya 1956 ya mpiga piano Cecil Taylor hutajwa sana kama chimbuko la jazi huru, ile isiyofungwa na mapigo ya kawaida. Mbona besi na dramu zinatembea kikawaida kabisa, piano peke yake ndiyo inayokwenda kwake? Nisikilize nini hasa? Na imemwathiri nani?

besi_nne: Mkuu, anza na "Bemsha Swing" ya mpiga piano Thelonious Monk, umbo lake ni fupi. Ni vipimo 16 vya mapigo manne: sentensi ya vipimo 4 inapigwa mara mbili, inahamishiwa juu kutoka C hadi F, kisha inarudi C. Shika hesabu kwa Buell Neidlinger kwenye besi, si kwa Taylor. Imba wimbo wenyewe kichwani solo ikiendelea, utasikia vipande vyake vikichomoza katikati ya zile nota zilizosongamana. Na usitumie spika ya simu: besi inamezwa, na bila besi piano inasikika kama fujo tu.

santuri_kuukuu: Hapo kwenye spika nakazia. Albamu ilirekodiwa Boston, ikatolewa na Transition, lebo ndogo ya Tom Wilson, huyohuyo aliyekuja kuwa prodyuza wa Bob Dylan. Steve Lacy na saksofoni yake ya soprano yumo kwenye "Charge 'Em Blues" na "Song" tu. 1958 Lacy akarekodi albamu yake Reflections, nyimbo za Monk tupu. Mapigo yenyewe Taylor alikuja kuyaachia baadaye, akiwa na Sunny Murray kwenye dramu. Sikiliza rekodi za klabu ya Café Montmartre, Copenhagen, 1962. Kwangu mimi wimbo mzito kwenye Jazz Advance ni ule wa mtunzi Cole Porter, Taylor anaupiga peke yake. Ukitoka hapo nenda Silent Tongues yake ya 1974, halafu wapiga piano aliowaathiri: Marilyn Crispell na Alexander von Schlippenbach.

vidole10: Kwa wapigaji wanaotaka zile nota zilizosongamana za Taylor: msikimbilie kupiga piano kwa kiganja. Chukua nota tatu zinazopakana, E, F na F#, zote kwa nguvu sawa, kifundo cha mkono kikiwa laini. Kikikakamaa, nota moja inazidi wenzake na mkono unachoka upesi. Zikishasikika sawa, rudia mdundo uleule oktava moja chini, kama jibu. Mdundo ukipotea, punguza kasi, usiongeze nota.

mpenda_kinanda: Kumbe nilikuwa nahesabu kwa piano. Shukrani wakuu.