Naomba ushauri: nimekwama 4-2 kwenye Super Mario Bros.

Habari zenu wakuu. Mimi na mdogo wangu tunacheza Super Mario Bros., mchezo wa video wa 1985. Hatua ya 1-2 (yaani dunia ya 1, hatua ya 2) tunapita juu ya dari hadi kwenye mabomba matatu ya kurukia dunia za mbele, tunaingia lile la dunia ya 4. Hapo hakuna shida.

Tatizo ni 4-2. Nikipita juu ya dari hadi mwisho nakuta bomba moja tu, la dunia ya 5. Najua kuna tofali linalotoa mmea wa kupanda mpaka mabomba ya 6, 7 na 8. Nimejaribu kuruka na kugonga hewani baada ya lifti. Boksi lililofichwa likatokea, sarafu ikalia, lakini bado silifikii tofali. Jana nimebakiza roho moja, vidole vinatoka jasho.

Naombeni mnielekeze: yale maboksi nianze kugonga lipi? Na Mario akiwa mkubwa, hawezi kulivunja tofali la mmea?