Msaada wa sheria: Kijana wetu yuko Glasgow, kashtakiwa kwa kipigo ambacho anasema hakumgusa mtu

Mama Tabasamu ameandika:

Wanajukwaa, habari za jioni. Naomba wenye ujuzi wa sheria za Uskoti wanisaidie. Nasisitiza Uskoti, kwa sababu nimeambiwa mambo yao ya jinai si sawa na ya England.

Mtoto wa dada yangu ana miaka 20, anasoma Glasgow. Wiki iliyopita usiku alikuwa na wenzake wawili, wakarushiana maneno na mtu nje ya duka la chipsi. Mtu yule akaondoka, wao wakamfuata wakikimbia. Mmoja akampiga chupa usoni, kashonwa na kovu litabaki. Wetu anasema alikimbia nao lakini alipofika alisimama tu, hakunyanyua mkono. Polisi wamewashtaki wote watatu kwa shambulio la kujeruhi vibaya. Kaachiwa, kasaini karatasi ya kuahidi kufika mahakamani.

Huku Tanga kikao cha ukoo kimegawanyika. Baba yake anataka kuuza kiwanja atume hela ya dhamana. Mjomba anasema tumtafute aliyeumia tumlipe yaishe. Mimi nauliza hili: mtu anatiwaje hatiani kwa kitu ambacho mkono wake haukufanya?

Kijiti Mkavu:

Pole sana dada. Nakaa hapa nasubiri wasomi. Ila kama alikuwa kalewa si ajitetee kwa hilo? Pombe si akili yake.

Mgosi wa Clyde:

@Kijiti Mkavu usimpoteze mama wa watu. Naishi huku na nimefanya kazi ya ukalimani mahakamani. Ulevi wa kujitakia Uskoti si utetezi kabisa. Mwaka 1977 kwenye kesi ya Brennan, jamaa alikunywa bia zaidi ya painti 20, akaongeza dawa ya kulevya ya LSD, akamuua baba yake kwa kisu. Majaji saba wakakaa, wakasema ukijilewesha mwenyewe usije kutuambia hukuwa na nia. Tofauti ni pale ulipowekewa kitu bila kujua. Ross mwaka 1991 alitiliwa dawa kwenye kopo la bia, akashambulia watu asiowajua, na rufaa yake ilishinda kwa kuwa hakuwa na udhibiti wa akili yake na hakujitakia hali ile.

Mama Tabasamu, kwanza kabisa mwambie shemeji asiuze kiwanja! Dhamana ya fedha huku ilifutwa karibu yote tangu 1980. Mtu anaachiwa kwa masharti: usimsogelee shahidi, usitende kosa jingine, fika tarehe uliyopangiwa. Kiwanja kibaki.

Wakili wa Mwambao:

Shikamoo mama kama umri unadai, la sivyo habari. Mimi ni wakili Dar, ila shahada ya pili niliisomea Edinburgh, kwa hiyo nitajaribu.

Sisi tuna Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16. Unafungua kifungu unasoma. Uskoti, mauaji, wizi na shambulio havimo kwenye kitabu cha namna hiyo. Ni makosa ya sheria ya mazoea: yamejengwa na hukumu za majaji na maandiko ya wanasheria wa zamani kama Baron Hume, aliyeandika mwaka 1797. Ndiyo maana ukitafuta kwenye mtandao "kifungu cha shambulio Uskoti" hupati kitu.

Msingi lakini ni uleule unaoujua. Upande wa mashtaka lazima uthibitishe kitendo na uthibitishe nia ovu, na viwili hivyo vikutane. Kitendo cha shambulio si lazima kiwe kugusa. Kumrukia mtu kwa namna ya kumtia hofu ya kupigwa papo hapo kunatosha. Kwa hiyo ile "hakumgusa" peke yake si ngao.

Nia nayo si kinyongo cha moyoni. Kuna kesi ya 1992: mtu aliingia dukani na kitu mfano wa bunduki, akadai pesa, halafu akasema alikuwa anatania. Mahakama ikasema utani ni sababu yake binafsi. Alilolifanya alilifanya kwa makusudi, basi nia ipo. Ajali ndiyo inayookoa. Ukimgonga mtu kiwiko kwa bahati mbaya, hata akivunjika pua, hilo si shambulio kwa sheria yao.

Sasa swali lako lenyewe. Uskoti, kama kwetu kwenye kifungu cha 23, walioungana kwa lengo moja la jinai hubeba kosa pamoja, hata kama pigo lilitoka kwenye mkono mmoja. Makubaliano si lazima yafanywe kikaoni. Yanaweza kuzaliwa palepale barabarani kwa kuungana na wenzako. Ila kuwepo tu mahali hakutoshi. Kesi ya McKinnon ya 2003, ambayo ilikuwa ya mauaji, iliweka kipimo: je, mshtakiwa kwa matendo yake alijiunga na lengo la pamoja, na je, hatari ya kilichotokea ilikuwa dhahiri ndani ya lengo lile? Wanaangalia jinsi hali ilivyoonekana, si maneno ya mshtakiwa kwamba "mimi sikufikiria."

Kwa hiyo kesi ya kijana wenu imelalia pale walipokuwa wanakimbia. Alijua kuna chupa? Ilikuwa mkononi tangu mwanzo au iliokotwa ghafla mwishoni? Alipiga kelele gani? Akionekana aliungana kwenda kupiga ngumi tu na chupa ikazuka asiyoijua, anaweza kuponea lile la kujeruhi vibaya, lakini shambulio dogo likambakia. Akionekana alikimbia ili awazuie, hilo ni jingine kabisa.

Mama Tabasamu:

Marahaba mwanangu, nina 54. Yeye anasema alikimbia "kuona itakuwaje". Sijui hilo linasimama wapi.

Wakili wa Mwambao:

Linasimama pabaya kidogo mama, na ndiyo maana asilirudie kwa mtu yeyote isipokuwa wakili wake. Wala asiandike kwenye makundi ya WhatsApp. Ana haki ya kunyamaza mbele ya polisi na haki ya kuongea na wakili kabla ya kuhojiwa.

Bint Saadani:

Samahani wataalamu, na ile habari ya mashahidi wawili ni kweli? Nilisikia huko shahidi mmoja hatoshi.

Mgosi wa Clyde:

Kweli kabisa, na ndiyo fahari yao. Mambo ya msingi, yaani kwamba kosa lilitendeka na kwamba mshtakiwa ndiye aliyelitenda, lazima yathibitishwe na vyanzo viwili vinavyojitegemea. Ila kwa mama hapa nisimpe tumaini la bure: kamera za mtaani ni chanzo. Glasgow katikati zimejaa. Kamera hizohizo zinaweza kumwokoa pia, kama zinamwonyesha kasimama pembeni. Wakili aziombe mapema.

Na mjomba wa kulipa yaishe, tafadhali mumkalishe chini. Huku mwathirika hana mamlaka ya kufuta kesi. Anayeamua ni mwendesha mashtaka wa serikali. Ukimpelekea pesa shahidi, hata kwa moyo safi wa kuomba radhi, inaweza kuonekana ni kuvuruga haki, na aliyelipa, au kijana mwenyewe kama alihusika, akashtakiwa kwa kosa jingine.

Kijiti Mkavu:

Duh. Na akikutwa na hatia anakwenda jela miaka mingapi?

Wakili wa Mwambao:

Inategemea mwendesha mashtaka anaipeleka kwa njia gani. Mahakama ya sherifu (huyo ni hakimu wa kule) bila baraza la wazee, yaani raia wanaoamua kama mtu ana hatia, inaishia miezi 12. Yenye baraza, ambalo kule lina watu 15, inafika miaka mitano. Tangu 2022 kuna mwongozo wa adhabu kwa walio chini ya miaka 25 unaotanguliza kumrekebisha kijana kuliko kumkomoa. Naye ana 20, anaingia. Viza ya masomo ni suala la pembeni, atafute wakili wa uhamiaji kabla hajakiri chochote.

Mama Tabasamu:

Mungu awabariki. Kiwanja kimepona, mjomba kanuna. Kuna jambo moja: wenzake wamesema watumie wakili mmoja wote watatu ili gharama ipungue. Nao ni rafiki zake.

Wakili wa Mwambao:

Akatae, leo. Utetezi wake unategemea kusema chupa ilikuwa ya mwenzake na yeye hakuijua. Wakili wa mwenye chupa hawezi kuyasema hayo mahakamani. Aombe wakili wake kupitia msaada wa kisheria wa serikali. Kipato chake cha mwanafunzi kinaweza kumpa sifa ya kuupata.

Mgosi wa Clyde:

Mama nimekutumia ujumbe wa faragha. Nipe tarehe ya kufika mahakamani, nitakwenda kukaa naye siku hiyo.