Tupeane uzoefu: kufunga taa za ziada kwenye pikipiki, kwa tunaotembea usiku huku Kusini

Mleta mada, Mtwara mjini

Wakuu, habari za jioni. Naomba tukusanye hapa yaliyotukuta kwenye kufunga taa za ziada, zile LED ndogo zinazouzwa pea kwa elfu ishirini na kitu. Naanza na langu kwa sababu lilinitisha sana.

Msimu wa korosho mwaka juzi nilikuwa napiga safari za Nanyamba mpaka usiku mwingi. Taa ya pikipiki ilikuwa hafifu, nikanunua pea na kumpa kijana anifungie. Alichukua chanya moja kwa moja kwenye betri, akaupitisha waya mwembamba kama ule wa spika chini ya tangi hadi swichi ya usukani, kisha kwenye taa. Viungo vyote vya kusokota kwa mkono na kuviringishia tepu nyeusi. Fyuzi hakuna. Zikawaka vizuri wiki tatu, nami nikawa nawasifia wenzangu kijiweni.

Usiku mmoja narudi mjini na abiria, taa zikaanza kupepesa. Mara harufu ya plastiki, mara moshi kwenye shingo ya usukani. Nikazima ufunguo. Moshi ukaendelea, kwa sababu waya ule haukupita kwenye ufunguo. Kava la betri limefungwa kwa bolti na spana nimeiacha nyumbani. Abiria wangu ndiye aliyezungushia kanga yake mkononi akauvuta ule waya ukakatika. Tangi la petroli liko shubiri moja kutoka pale, wakuu.

Asubuhi tukakuta waya umelika pale usukani unapogeukia, umegusa fremu, umepiga shoti. Taa zenyewe zilikuwa nzima kabisa, na mpaka leo ninazo. Ndiyo maana nikisikia mtu anasema taa za bei nafuu zinaunguza pikipiki, huwa namuuliza alizifungaje.

Fundi umeme, Masasi

Pole sana kaka, na huyo abiria apewe heshima yake. Kazi za namna hiyo naletewa kila mwezi, na karibu zote zina kasoro moja: waya umetoka kwenye betri bila fyuzi.

Fyuzi inakatika umeme ukizidi, hivyo inalinda waya. Taa ni jambo la pili. Kwa hiyo inakaa karibu na betri, ndani ya shubiri moja. Ukiiweka mbele kule karibu na taa, waya wote ulio kati yake na betri unabaki bila mlinzi, na huo ndio unaopita chini ya tangi.

Kitu cha pili ni rilei, yaani swichi inayoamshwa na umeme mdogo ili ipitishe ule mkubwa. Wengi wanaikwepa kwa sababu wanaiona fumbo. Chini yake kuna miguu yenye namba. 30 inapokea chanya ya betri iliyokwishapita kwenye fyuzi. 87 inapeleka taani. 85 unaipeleka kwenye hasi. 86 inatoka kwenye swichi yako, na swichi hiyo uilishe kwa waya unaopita kwenye ufunguo. Utafute kwa testa: ufunguo ukiwashwa testa iwake, ukizimwa izime. Ukifanya hivyo, swichi ya usukani inabeba umeme mdogo sana wa kuamsha rilei tu, na ule mzito unapita njia fupi kwenye waya mnene. Mimi natumia waya wa milimita 1.5 wa shaba. Ukikwangua waya ukaona weupe ndani, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, uache dukani.

Kabla hujafunga kava, geuza usukani kulia mpaka mwisho, kisha kushoto mpaka mwisho. Waya usivutike wala usibanwe. Uache ulegee kidogo pale shingoni na uuvike mpira.

Mchangiaji, Nachingwea

Mimi sikugusa betri kabisa, nikajiona nimekwepa hatari. Nikaunga kwenye waya wa taa kubwa. Zikawaka, lakini pikipiki ikiwa sailensa (inanguruma bila kuvuta mafuta) zinapepesa, nikivuta mafuta zinang'aa kupita kiasi. Siku ya nne moja ikafa, ya sita ikafuata. Nikalaani muuzaji. Baadaye fundi akaniambia pikipiki yangu taa kubwa hailishwi na betri, inalishwa moja kwa moja na koili ya magneti, umeme unaopanda na kushuka kwa mbio za injini.

Fundi umeme, Masasi

Kweli, na zipo nyingi hivyo kwenye CC 100 hadi 150. Dalili yake: mwanga wa taa kubwa unafifia injini ikiwa sailensa na kukolea ukivuta mafuta. Umeme ule ni wa kwenda na kurudi, LED hizi zimetengenezwa kwa umeme wa betri. Hata rilei ukiiamshia hapo inatetemeka tititi mpaka inajiua.

Afisa ugani, wilaya ya Ruangwa

Asanteni kaka zangu. Mimi ni mwanamke na pikipiki ndiyo ofisi yangu. Wakati wa kupulizia mikorosho salfa wakulima wanaanza alfajiri kabla upepo haujaamka, kwa hiyo natoka nyumbani saa kumi usiku. Taa kwangu ni lazima.

Kilichonikuta ni betri. Zilifungwa vizuri, na fyuzi na rilei, lakini kila baada ya siku mbili tatu asubuhi stata inasema tik na kunyamaza. Napiga kiki giza totoro, jasho linanitoka kabla safari haijaanza. Nikabadilisha betri. Mwezi haukuisha, yaleyale.

Mwisho nikanunua mita ya elfu kumi na tano na kupima mwenyewe, nikamuuliza fundi kila tarakimu ina maana gani. Injini imezimwa na betri imeshiba: volti 12.6. Injini inanguruma kwa mwendo wa kawaida, taa za ziada zimezimwa: 13.9. Nikiziwasha: 12.3. Maana yake chaji haitoshi, betri ndiyo inayolisha taa na hairudishiwi. Betri yangu ni ya ampea-saa 5 tu.

Kwenye boksi la taa imeandikwa wati 60. Nilipopima, kila moja ilikuwa inavuta ampea 1.4, yaani kama wati 18. Kwa hiyo muuzaji alinidanganya kwa faida yangu! Zingekuwa kweli wati 60 kila moja, mbili zingevuta karibu ampea 10 na pikipiki ndogo isingeweza kabisa. Ila hata hizo ampea 2.8 za mbili zilikuwa nyingi kwa pikipiki yangu kwa sababu, tulikuja kugundua, rektifaya (kile kiboksi chenye mapezi ya alumini kinachogeuza umeme wa magneti uchaji betri) ilikuwa na plagi ya waya iliyoungua mguu mmoja. Ikabadilishwa plagi. Sasa nikiwasha zote mbili napata 13.4 na stata inaamka kila siku.

Naomba kila anayefunga taa apime kabla na baada. Dakika kumi tu.

Mwana Mikindani

Huku kwetu adui ni chumvi. Ukisokota waya ukaviringishia tepu, baada ya masika moja ukifungua unakuta shaba imegeuka kijani, inabomoka kama mkate mkavu. Mimi nachomea kila kiungo kwa risasi, kisha navalisha ule mpira unaosinyaa kwa moto. Plagi za waya napaka grisi. Pia taa zangu ziliingia maji, kioo kikawa na ukungu ndani. Nilidhani ni mvua, kumbe ni tabia: taa ikiwa ya moto ikakutana na maji ya baridi, hewa ya ndani inasinyaa na kuvuta maji kupitia pale waya unapoingilia. Sasa kila taa mpya naipaka silikoni kuzunguka kioo na tundu la waya kabla ya kuifunga, na waya naushusha chini kidogo kisha ndiyo upande, ili tone lidondoke lisifuate waya kuingia ndani.

Fundi umeme, Masasi

Kwenye risasi naongeza neno. Waya uliochomewa unakuwa mgumu, na mtikisiko wa barabara zetu unaukata pembeni tu ya kiungo. Ufunge kwenye fremu pande zote mbili za kiungo. Silikoni naunga mkono.

Mchangiaji, Tandahimba

Zangu nilifunga juu, kwenye vyuma vya vioo vya pembeni, nikitaka zione mbali. Kwenye lami poa. Kwenye vumbi nyuma ya lori la korosho ikawa kama nimewekewa shuka jeupe usoni, sioni hata tairi langu la mbele, mpaka nikasimama pembeni nikasubiri. Vumbi liko usawa wa mwanga na macho yako juu kidogo tu, kwa hiyo mwanga wote unakurudia. Nimezishusha kwenye gadi (chuma cha kukinga injini), chini ya magoti. Sasa naona kingo za njia na mashimo, na vumbi linabaki juu ya mwanga. Nimezibandika pia plastiki ya njano, macho yanachoka kidogo kuliko mwanzo. Nati nimeweka zenye mpira ndani, za kawaida zilikuwa zinalegea kila wiki na taa inaangalia mbinguni.

Dereva wa lori, Lindi

Wanangu, mimi si wa pikipiki lakini niacheni niseme, kwa sababu taa zenu huwa zinaangalia macho yangu. Kati ya Mingoyo na Nangurukuru usiku nakutana na taa mbili nyeupe zilizoachana. Nadhani ni gari dogo, naipa nafasi ya gari. Ikifika karibu ndiyo najua ni pikipiki, na wakati huo sioni ukingo wa lami wala anayetembea kwa miguu nyuma yake. Zile zenye kumetameta ndizo mbaya zaidi, jicho linashindwa kupima umbali. Nimeshamkosa kijana mmoja kwa upana wa mkono. Nilisimama mbele, miguu ikitetemeka, na yeye hakujua chochote, akaenda zake.

Mleta mada, Mtwara mjini

Shikamoo mzee wangu, na samahani kwa niaba yetu. Umenigusa, maana zangu ziliwahi kuwa hivyo.

Nilivyorekebisha ni hivi. Nilisimamisha pikipiki sehemu tambarare mbele ya ukuta, hatua kama kumi, nikampandisha mwenzangu akae kwenye siti ili shokapu zilale kama safarini. Nikapima kimo cha taa kutoka chini, nikachora mstari wa chaki ukutani kwa kimo kilekile, na wa pili vidole vinne chini yake. Sehemu kali ya mwanga inaishia kwenye mstari wa chini, na taa ya kulia nimeielekeza kidogo kushoto. Kwangu taa kubwa inalishwa na betri, kwa hiyo fundi aliamshia rilei kwenye waya wa fulu. Nikishusha dimu kumpisha mtu, za ziada zinazimika zenyewe, sihitaji kukumbuka swichi ya pili.

Mchangiaji, Liwale

Huku kuna tembo na nguruwe pori. Taa zimenisaidia kuona macho yaking'aa mapema, basi. Mwendo bado natembea 40.

Afisa ugani, wilaya ya Ruangwa

Kaka mleta mada, leo jioni nimefanya ya ukuta kama ulivyoeleza, mwanangu amekaa kwenye siti. Ya kushoto ilikuwa inapiga juu ya mstari wa kwanza kabisa, na nilikuwa natembea nayo hivyo tangu mwezi wa tano. Nimeishusha na kukaza. Kesho saa kumi natoka kwenda shambani, nitaleta mrejesho. Naomba fundi anijibu moja: taa zangu zinavuta ampea 2.8, fyuzi iliyomo ni ya 15. Niiache?

Fundi umeme, Masasi

Itoe usiku huu dada, weka ya 5. Ya 15 itasubiri waya wako uive kwanza.