Tupeane uzoefu: mtoto mwenye ulemavu ndani ya kitabu cha hadithi, wa kwako alisema nini?

MamaMbagala

Habari zenu wapendwa. Mwanangu ana miaka minane, ana mtindio wa ubongo, anatumia kiti mwendo. Kichwa chake chepesi kuliko changu. Mdomo ndio unaochelewa, kwa hiyo ukimuuliza kitu, subiri.

Wiki iliyopita rafiki yangu alituletea kitabu cha picha kutoka nje, kina msichana kwenye kiti mwendo anakwenda dukani peke yake. Nilifurahi mpaka mikono ikatetemeka, maana katika vitabu vyote tulivyonavyo ndani hakuna hata mtoto mmoja aliyekaa kama yeye. Nikamsomea huku nikimgeuzia Kiswahili. Alinyamaza mpaka ukurasa wa mwisho, akafikiri, akasema: "Mama, mchanga uko wapi?"

Sikumwelewa. Akaniwekea kidole kwenye barabara ya pichani, lami tupu, laini kama meza. Huku kwetu ukitoka mlangoni ni mchanga mpaka kituoni. Kwake yeye safari ya dukani ndiyo huo mchanga. Mimi niliona mtoto kama yeye, yeye aliona mtoto asiye na shida yoyote.

Tangu siku hiyo sijatulia. Naomba tupeane uzoefu: wazazi, walimu, na hasa nyinyi mliokua na ulemavu wenyewe. Hadithi gani ilikugusa, ipi ilikuumiza? Orodha ya vitabu vya kununua siitafuti. Nataka kujua kilichotokea baada ya kusoma.

Kofia Pana

Dada, mimi nina ualbino, mzaliwa wa Kanda ya Ziwa, umri wangu thelathini na ushei. Kwangu ni Takadini. Waliosoma sekondari Tanzania wengi wanakijua, kile cha Ben Hanson kwenye fasihi ya Kiingereza. Sekai anakaa miaka bila mtoto, anakuja kujifungua mtoto mwenye ngozi nyeupe, wazee wanataka auawe, mama anatoroka naye usiku. Siku mwalimu alipotutajia kitabu na kisa chake, darasa zima liligeuka kunitazama. Kuanzia hapo mpaka namaliza kidato cha nne niliitwa Takadini. Hata mpishi wa shule aliniita hivyo, na nadhani yeye hakujua ni kitabu.

Sisemi kitabu ni kibaya. Pale Sekai anapotoroka nililia, kwa sababu miaka ile ya mauaji mama yangu alikuwa ananifungia ndani, na mimi nikaamini ananionea haya. Kitabu ndicho kilichonipa ujasiri wa kumuuliza. Alinijibu usiku kucha.

Lakini nisikilizeni hapa. Kile kitabu sikukisoma, nilisomewa. Herufi zilikuwa ndogo mno kwangu. Kwa mtoto wa shule ualbino ni macho kwanza: yanachezacheza, mwanga unaumiza, ubao huuoni hata ukiwa dawati la mbele. Mwenzangu wa dawati alinisomea sura baada ya sura chini ya mwembe, Mungu ambariki alipo. Tukajadili Takadini wiki nyingi, mila, ushirikina, unyanyapaa, na katika mjadala wote ule hakuna aliyeniuliza kama naona ubaoni. Mtihani wenyewe niliuandika pua ikigusa karatasi.

Natamani mtoto wa leo apate hadithi ya mwenzake mwenye ualbino anayesumbuliwa na ubao, anaomba asogezwe mbele, anapata maandishi makubwa, kisha kisa kinaendelea na mambo mengine, mechi, wizi wa maembe, chochote. Asiwindwe. Nina mpwa mwenye ualbino, darasa la tatu, na hadithi zote anazozijua kuhusu watu wa ngozi yake zina panga ndani yake.

Mzee Mwaka

Wazee walisema hujafa hujaumbika. Tumelelewa na maneno hayo bila vitabu hivi mnavyovitafuta, na hatukumcheka mtu. Heshima inafundishwa nyumbani. Tusiige kila kitu.

MamaMbagala

Shikamoo mzee. Methali hiyo nami nimelelewa nayo. Ila naomba uisikilize ukiwa umekaa alipokaa mwanangu. Inamwambia mwenzake: usimcheke, na wewe yanaweza kukupata. Basi yeye ndiye yale yanayoweza kumpata mtu. Alishaniuliza hilo, mzee wangu, na sikuwa na jibu.

BabaKisumu

Hamjambo wazazi wenzangu. Binti yangu ana miaka kumi, ni kiziwi tangu augue homa ya uti wa mgongo akiwa na mwaka mmoja. Shuleni anatumia Lugha ya Ishara ya Kenya. Katiba yetu ya 2010 imeitaja lugha hiyo, lakini jioni katiba haiketi nasi mezani. Nyumbani tulikuwa na ishara kama thelathini hivi: kula, lala, choo, njoo, wacha.

Shangazi yake alimtumia El Deafo, kitabu cha katuni cha Cece Bell kilichotoka 2014. Mwandishi mwenyewe alipoteza usikivu utotoni, na humo amejichora kama sungura mwenye mashine ya kusikia kifuani. Betri zinapokwisha, maneno kwenye viputo vya mazungumzo yanafifia, yanafifia, mpaka kiputo kinabaki kitupu. Midomo ya watu inacheza, kiputo hakina kitu.

Binti yangu alinigonga bega. Akaonyesha kile kiputo kitupu. Halafu akanyoosha kidole kwenye meza yetu ya chakula, akazunguka nacho kiti baada ya kiti, mimi, mamake, kaka zake wawili. Ndugu zangu, nimekula na huyo mtoto miaka kumi.

Nisiwadanganye kwamba kitabu kilimfaa chote. Kuna mahali mama ya sungura anampeleka kujifunza lugha ya ishara, naye hataki. Hapo binti yangu alikasirika, akakitupa chini ya kitanda, kikakaa huko siku mbili. Yeye ishara ndiyo lugha yake, hana nyingine. Alitaka kujua kwa nini sungura anaionea haya, nami sikuwa na ishara za kutosha kumweleza kwamba kila kiziwi ana safari yake.

Sasa kila Jumamosi tunakwenda kujifunza wote wanne. Vidole vyangu bado vizito. Ananisahihisha kwa ukali kama mwalimu mkuu.

Bint Likoni

Baba Kisumu, watu wa eKitabu pale Nairobi wanatengeneza hadithi za watoto zenye video ya lugha ya ishara ndani yake. Mwangalizie.

Mimi niko Leicester. Kijana wangu ana disleksia, herufi zinamgomea. Nilipomwambia kwamba Rick Riordan alianza kutunga visa vya Percy Jackson kwa ajili ya mwanawe aliyekuwa na shida hiyo hiyo, na kwamba Percy mwenyewe anayo, alisikiliza kitabu chote kwa sauti siku nne. Kusoma bado hapendi. Ila sasa akikwama darasani anasema amekwama, zamani alikuwa anafanya fujo ili atolewe nje.

Nukta Sita

Naandika kwa simu inayonisomea, makosa ya herufi mnivumilie. Nimezaliwa sioni, nikasoma shule ya bweni ya wasioona, kisha sekondari ya mchanganyiko.

Hadithi niliyosimuliwa mara nyingi kuliko zote maishani ni ya vipofu na tembo. Mnaijua: mmoja kashika mguu akasema ni nguzo, mwingine sikio akasema ni ungo, wa tatu mkia akasema ni kamba, wakagombana. Kila mgeni aliyekuja shuleni kwetu alitusimulia kana kwamba ametuletea zawadi.

Siku moja, tukiwa darasa la tano, mwenzetu mmoja akauliza: "Mbona hawakuzunguka?"

Mgeni alikosa la kusema, na mimi sijawahi kulisahau swali lile. Mtu asiyeona akikutana na kitu kikubwa hashiki sehemu moja akatoa hukumu. Unaanza pembeni, unapapasa mpaka urudi ulipoanzia, unamuuliza mwenzako kafika wapi. Hivyo ndivyo tulivyojifunza bweni zima, bomba la maji, njia ya chooni usiku. Aliyetunga kisa kile alifumba macho dakika moja akadhani tayari amekuwa mmoja wetu. Na bado kisa hicho kinafundishwa kama hekima, na asiyeona ndani yake ni mjinga wa mfano.

Vitabu vya watoto vingine nilivyosomewa, asiyeona ni ombaomba, au mzee mtabiri, au anaombewa ukurasa wa mwisho akaona. Mimi nilikuwa mtoto mtundu. Nilikuwa naiba sukari. Sikumkuta mtundu asiyeona popote.

Halafu kuna shida ya kitabu chenyewe. Kitabu chembamba kikiandikwa kwa nukta nundu, yaani breli, kinageuka mabuku mazito, na nukta zinalala kwa kupapaswa na vidole vingi. Kwa hiyo kile tulichokipenda ndicho kilichokufa mapema. Kulikuwa na kisa cha Sungura na kisima ambacho mwisho wake uliishafutika nilipofika darasa la nne, kila mtu akawa na mwisho wake. Wachapishaji wakiniona hapa, Mkataba wa Marrakesh wa 2013 umefungua njia kwenye nchi zilizouridhia: shule au maktaba ya wasioona inaweza kutoa nakala ya nukta nundu au ya sauti bila kuomba kibali cha mwenye hakimiliki. Mkitupatia faili la maandishi, kazi inakuwa nusu.

Kofia Pana

Mbona hawakuzunguka! Kaka, hili nakwenda nalo kazini kesho.

Mwl. wa Kitengo

Nafundisha kitengo cha usonji ndani ya shule ya msingi ya kawaida, Morogoro. Kitabu cha Kiswahili chenye mtoto wa kwangu ndani yake sikukipata, nikakishona mwenyewe kwa daftari na uzi.

Nina mtoto ambaye kengele ikigongwa alikuwa anatoka mbio kuelekea barabarani. Kengele yetu ni ringi ya gari iliyotundikwa mtini, inagongwa kwa nondo, nanyi mnajua mlio wake. Nikapiga picha kwa simu, nikazichapa, nikaandika sentensi moja kila ukurasa, kwa nafsi yake. Hii ni kengele. Anaigonga kaka mkuu. Inalia mara tano. Naweza kuziba masikio. Ikinyamaza tunakunywa uji.

Picha yake mwenyewe hakuijali. Aliupenda ukurasa wa "mara tano", akawa anaufungua na kuufunga siku nzima. Baada ya wiki mbili hivi akaanza kubaki mlangoni, amejiziba masikio, anahesabu kwa midomo. Na kitu ambacho sikukipanga: kaka mkuu alikiona kitabu, akajikuta yumo. Sasa kabla hajagonga anapita dirishani kwetu, anainua nondo juu ili mtoto aione.

Ila akijisahau akagonga mara sita, siku imeharibika kwa wote.

Ninachoomba kwa waandishi: mtoto mwenye usonji asiwe lazima bingwa wa hesabu. Katika hadithi za nje akishakuwa na usonji ni lazima ana kipaji cha ajabu ndipo wenzake wampende. Wangu watano hawana kipaji cha ajabu. Mmoja anapenda mifuniko ya chupa. Wawili hawasemi. Naomba hadithi inayoweza kumpenda mtu anayependa mifuniko ya chupa.

MamaMbagala, usisubiri mchapishaji. African Storybook na StoryWeaver zina hadithi nyingi za Kiswahili bure kwenye mtandao, na unaruhusiwa kubadilisha maneno na kutumia picha zao. Viti mwendo utavikuta vichache, nakuambia mapema.

Mzee Mwaka

Marahaba mama. Nimesoma yote. Nimekuwa nalifikiria lile swali la mwanao tangu juzi, na mimi sina jibu. Mpe salamu zangu.

MamaMbagala

Salamu zimefika, mzee wangu, ahsante sana. Kaka Nukta Sita, nimemsomea mwanangu maneno yako, amecheka mpaka nikamfuta mate. Siku nzima anarudia "wazunguke".

Tumeanza cha kwetu. Anasema, naandika. Kwa wasiojua: kwenye mchanga kiti mwendo hakisukumwi mbele, yale magurudumu madogo yanazama. Unakigeuza, unakivuta kinyumenyume, makubwa yakitangulia. Kwa hiyo dada yake anapomvuta kwenda dukani, watoto wote wanatazama mbele na yeye peke yake anatazama walikotoka. Nimemvuta hivyo miaka yote bila kulifikiria. Yeye ndipo alipoianzia hadithi.

Inakwenda hivi. Watoto wanne wametumwa dukani, noti imefungwa kwenye pindo la kanga. Wanafika, pindo limefunguka, noti haipo. Yeye anajua ilipodondokea, aliiona ikianguka. Lakini maneno yake yanachelewa kutoka, na wenzake hawana subira.

Hapo ndipo tulipo. Mimi nilitaka wamsubiri, aseme, waipate, twende tukalale. Amekataa. Anataka kwanza wakimbie huku na huku, wagombane, wachoke kabisa, ndipo mmoja akumbuke kurudi kumuuliza. Na anataka awepo mbuzi, sababu ya mbuzi hajaniambia.

Mwenye kujua kuchora anitafute. Mbuzi nimemweza mwenyewe. Kiti mwendo kwenye mchanga, kikiwa kinavutwa kinyumenyume, nimechora mara sita na kila mara ananiambia magurudumu hayajazama vya kutosha.